Tutafunga

Jumamosi, 9 Septemba 2006

Nyuzi 19. Mawingu. Zamu ya asubuhi stoo ya hospitali, nimerudi saa tisa na nusu. Nimekaa roshani saa nzima kuhesabu malori yanayoingia kituo cha taka nyuma ya jengo. Arobaini na moja. Jumamosi iliyopita thelathini na nane. Upepo unatoka upande wa huko, Mama Grace kaanua nguo mbichi.

Saa kumi na moja mkutano wa wapangaji chumba cha chini. Amekuja Bi Marlene, anayegombea udiwani kwa chama kidogo cha mazingira cha hapa mjini, Jiji la Kijani. Mwalimu mstaafu wa sayansi. Amekuja kwa baiskeli, suruali ameichomeka ndani ya soksi. Ameomba mtu wa kutafsiri kipeperushi chao kwa Kiswahili, maana Waswahili wa upande huu wa jiji, humu Etobicoke, ni wengi na hakuna anayewaandikia. Wote wamenigeukia mimi. Humu jengoni wananiita Katibu, kwa sababu ya daftari. Nimekubali. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha.

Jumapili, 10 Septemba 2006

Baada ya ibada nimekaa na kipeperushi. Kurasa mbili. Miti, njia za baiskeli, mapipa ya taka za jikoni: rahisi. Sentensi moja imenitesa mpaka jioni. Ni ile ya kituo. Kwa Kiingereza wanasema watafanya kazi kuelekea kukifunga. Nimeiandika vilevile, neno kwa neno. Inasomeka kama mtu anayeizunguka nyumba na hapigi hodi. Nimejaribu "tutajitahidi". Bado legevu. Mwisho nimeandika: Tutafunga kituo cha taka. Maneno manne. Imesimama.

Binti yetu Grace ameisoma akiwa wima, mkate mkononi. Kasema kwa Kiingereza chake kwamba wao hawakusema hivyo. Nimemjibu kwamba Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi mezani. Kacheka, kaenda chumbani kwake.

Jumamosi, 16 Septemba 2006

Nimegawa vipeperushi na Odhiambo, Mkenya wa ghorofa ya saba, dereva wa basi. Ghorofa yangu ya kumi na moja tumeiacha mwisho. Bi Zuhura, jirani yangu wa ukuta mmoja, kafungua mlango kidogo, mnyororo hajautoa.

"Kijani? Miaka ishirini nimekimbia kadi ya chama kule Tanga, leo mnanigongea nayo Etobicoke?"

Odhiambo kamwambia, "Mathe, hii kijani ni ya miti. Hata fulana hawapeani."

"Kama hakuna fulana wala khanga hicho si chama."

Kacheka mpaka pumu ikamshika. Kavuta dawa yake mara mbili, kakaa kwenye kiti cha mlangoni. Tumesubiri. Halafu kaisoma ile sentensi kwa sauti, akaniuliza, "Katibu, watafunga?"

Nimejibu: ndivyo ilivyoandikwa.

Jumamosi, 30 Septemba 2006

Ramadhani, wiki ya kwanza. Waislamu wa jengo wameandaa futari chumba cha chini, na sisi Walutheri tumealikwa. Mama Grace kapeleka maandazi. Bi Marlene naye kaja. Nilimwandikia maneno kwenye kadi, silabi kwa silabi. Kasimama, kasema kwa nguvu: Tu-ta-fu-nga!

Ukumbi umelipuka. Watu wenye njaa tangu alfajiri. "Karibu mama, sisi tumeanza zamani!" Bi Zuhura kasema aambiwe daku ni saa kumi, asichelewe. Marlene kacheka bila kujua anacheka nini. Kisha kamalizia: kituo cha taka. Kicheko kimekatika. Halafu makofi, na miguu inapigwa chini. Sijawahi kusikia chumba kile namna hiyo.

Jumapili, 1 Oktoba 2006

Marlene kapiga simu saa nne asubuhi. Anataka kujua kwa nini walicheka na kwa nini walipiga makofi. Kicheko nimemweleza: neno moja, kufunga mlango na kufunga Ramadhani. Makofi nayo nimemweleza, sikuficha. Nimemwambia Kiswahili kinasema mtakifunga, hakisemi mtajaribu. Kwamba ni mimi niliyechukua njia ya mkato.

Nilikuwa nasikia vyombo vikioshwa upande wake. Kisha kasema: Liache. Tukishinda tutajitahidi liwe kweli.

Naandika kama alivyosema. Nimefarijika sana.

Jumamosi, 14 Oktoba 2006

Bi Zuhura kaja na karatasi. Binti yake anayeishi Malvern, mwisho mwingine wa jiji, kamtafutia chumba kwenye jengo la wazee, ghorofa ya chini, karibu naye. Amekubaliwa. Anatakiwa kujibu Jumatatu. Huku ana msikiti wake, ana watu wa kusalimiana nao kwenye lifti. Kule binti yuko kazini kutwa, na majirani hawajui "hodi" ni nini.

"Kifua ndicho kinachonifukuza hapa," kasema. "Sasa kama watafunga, namkimbia nani?"

Hapo ndipo ningemwambia. Mama Grace alikuwa jikoni, hakuna aliyekuwa anatusikiliza. Nimemwambia uamuzi ni wake. Kakunja karatasi, kaniombea dua, kaondoka.

Jumatatu, 16 Oktoba 2006

Bi Zuhura amekataa chumba cha Malvern.

Jumanne, 14 Novemba 2006

Marlene kashinda. Jiji la Kijani wamepata viti vitano, na wamekubaliana na wale watakaoliongoza baraza. Maana yake wameingia serikalini. Odhiambo kapiga honi uwanja wa magari mpaka msimamizi wa jengo akatoka na kandambili. Marlene kapita jioni kushukuru, kwa baiskeli, baridi yote hii. Kanipa mkono wa mikono miwili. "Asante sana, Katibu." Kalitamka vizuri.

Jumamosi, 10 Machi 2007

Hasi 6. Malori arobaini na manne.

Marlene sasa ni mwenyekiti wa kamati ya taka. Niwe wa haki, niyaandike yote. Mapipa ya taka za jikoni yamefika jengo letu. Miti thelathini imepandwa barabarani, mmoja tu umekufa. Njia ya baiskeli imechorwa. Kila alichoahidi kwa Kiingereza anakifuatilia. Kuhusu kituo, nimepiga simu ofisini kwake. Msaidizi kasema suala liko mezani. Grace kauliza hiyo meza iko wapi.

Jumamosi, 4 Agosti 2007

Nyuzi 33. Madirisha yote ya upande wa nyuma yamefungwa. Bi Zuhura kaziba ya kwake kwa utepe wa gundi, pembe zote nne. Juzi kalazwa siku mbili. Karudi na dawa mpya ya kuvuta, ya zambarau.

Niliandika barua kwa diwani. Jibu limekuja wiki mbili baadaye: shukrani tatu, jibu hakuna.

Wiki iliyopita nilimwona Marlene akipita chini. Bado ana baiskeli yake. Nilirudi ndani ya roshani asinione. Sijui kwa nini mimi ndiye niliyejificha.

Jumamosi, 7 Juni 2008

Tangazo limebandikwa kando ya lifti. Kibali cha kituo kinakwisha mwaka huu. Kamati inapendekeza kiongezwe miaka kumi. Sahihi ya Marlene.

Nimesoma maelezo mara tatu. Wakikifunga, malori yatakwenda kituo cha upande wa pili wa jiji, mwendo wa mara mbili, na moshi wa jiji zima utaongezeka. Tena ni hapa zinapokusanywa taka za jikoni kabla ya kwenda kufanywa mbolea. Nimetafuta kosa katika hesabu zake. Sikuliona. Kwa jiji zima pengine ana haki. Sisi tunaishi kwenye geti la kituo.

Odhiambo kasimama nyuma yangu akisoma. "Tutafunga, tutafunga. Katibu, si ni sisi tumefungwa? Moja bila, na ref ni wao."

Bi Zuhura anacho kipeperushi. Amekiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na pasipoti na cheti cha ndoa. Jumatano kuna mkutano na diwani. Atakwenda nacho.

Jumatano, 11 Juni 2008

Nimeombwa kukalimani. Sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuisema.

Watu sitini hivi. Marlene mezani, msaidizi wake kando. Kaeleza mambo ya moshi na umbali kwa utaratibu, kama mwalimu. Nimetafsiri. Kisha Bi Zuhura kasimama, kashika kipeperushi kwa mikono miwili, kakisoma. Tutafunga kituo cha taka. Kasema alikataa nyumba kwa ajili ya mstari huu. Nimeutia kwenye Kiingereza, nikaurudia.

Msaidizi katoa kipeperushi cha Kiingereza. Wamenong'ona. Marlene katazama karatasi zake, wala hakunitazama mimi. Kasema anasikitika sana, chama hakikuahidi hivyo, hili ni kosa la tafsiri.

Wenye Kiingereza walikuwa wameshaelewa. Bi Zuhura alikuwa ananitazama mimi, anasubiri Kiswahili. Nimesema: "Anasema ni kosa la tafsiri."

Hakuna aliyegeuka. Wote wanajua nani aliyetafsiri, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Wameniheshimu. Ingekuwa afadhali wangenizomea.

Bi Zuhura kasema, "Mimi nilimsikia kwa masikio yangu, siku ya futari. Au na masikio yangu yametafsiri vibaya?" Watu wamecheka. Hilo nalo nimelitafsiri. Marlene hakucheka.

Kinywa nilikuwa nacho. Lugha zote mbili nilikuwa nazo. Sikusema langu hata moja.

Alhamisi, 12 Juni 2008

Kazini nimekosea hesabu ya glavu mara mbili. Mkuu wa stoo kauliza kama naumwa.

Bi Zuhura kanikuta kwenye lifti. Kanipa pole! Kasema yule mama kaniangushia jumba bovu, na kwamba wakubwa ndivyo walivyo, kosa lao hulibandika kwa mdogo. Nimesema ahsante. Mungu anisamehe, nimesema ahsante.

Jumamosi, 14 Juni 2008

Nimetoa daftari la 2006. Nimesoma tarehe 1 Oktoba. Ipo, kwa mkono wangu: Liache. Tukishinda tutajitahidi liwe kweli. Nilifurahi kwa dakika moja. Kisha nikafungua nyuma, tarehe 10 Septemba. Grace na mkate wake. Mtoto wa miaka kumi na sita aliliona na mimi nikamcheka. Kisha tarehe 14 Oktoba. Daftari hili linamshtaki Marlene mara moja. Mimi mara tatu.

Nimepiga simu ofisini kwake. Saa kumi kanipigia mwenyewe. Sauti ya mtu aliyechoka. Kasema, ungetaka niseme nini pale, kwamba tulijua? Kasema bila wao barazani isingepandwa hata miti ile. Wakianguka kwa kituo kimoja, watakaokuja hawatasikiliza chochote. Ameniomba libaki kati yetu.

Nimemwelewa. Hilo ndilo linalonikera. Kila neno lake nimelielewa, na nimesema sawa.

Jumanne, 17 Juni 2008

Imepita. Miaka kumi. Wanne wa Jiji la Kijani wamesema ndiyo, Marlene kati yao. Mmoja kasema hapana. Redio imemtaja kwa sentensi moja.

Malori hamsini leo. Sitahesabu tena.

Jumamosi, 23 Agosti 2008

Bi Zuhura kalazwa siku sita. Safari hii hospitali ninayofanya kazi, kwa hiyo nimepanda wodini baada ya zamu. Amekonda mikono. Binti yake kauliza tena Malvern. Kile chumba kina mtu. Wamemweka mwisho wa orodha.

Kaanza tena kumlaani yule mama wa baiskeli. Mwongo, mnafiki, sura ya ucha Mungu. Kisha kasema, "Wewe ndiye uliyetusomea ukweli, Katibu. Wamekuharibia jina bure."

Nilikuwa namenya chungwa. Nimelimenya lote, na ile ngozi nyeupe ya ndani, uzi mmoja mmoja. Nimempa. Nimeondoka.

Nimembebesha Marlene uongo wangu na wake. Nimemwachia Bi Zuhura hasira isiyo na anwani sahihi. Nina miaka hamsini na mbili.

Jumapili, 24 Agosti 2008

Nimemweleza Mama Grace yote. Alikuwa anapiga pasi. Hakuacha kupiga pasi. Kasema, "Nilidhani unajua kwamba najua." Kisha, "Mimi unaniambia ili nikufanyeje? Nenda kawaambie wenyewe."

Jumamosi, 6 Septemba 2008

Mkutano wa mwezi wa wapangaji. Saa nane mchana. Watu ishirini na sita. Ajenda ilikuwa lifti ya pili na kunguni. Mwishoni nimeomba dakika tano.

Sikuhutubia. Nimesoma daftari. Tarehe 10 Septemba 2006, tarehe 1 Oktoba, tarehe 14 Oktoba. Na simu ya Juni nimeisoma pia, ingawa niliahidi kunyamaza. Nimesoma na pale palipoandikwa kwamba nimefurahi.

Mzee mmoja wa ghorofa ya nne kasema lugha ni ngumu, tusimhukumu mtu. Nimemwambia haikuwa lugha. Nililijua neno sahihi, nililiandika, nikalifuta kwa sababu halikupendeza.

Odhiambo kasimama. "Katibu. Wewe ndiye ulitufunga goli la kisigino, langoni kwetu wenyewe. Si ungesema kabla hatujaenda kumfokea yule mama?" Kisha: "Lakini pia yeye alijua. Sasa tutamfokea na sababu." Wengine wamecheka kidogo.

Bi Zuhura hakucheka. Alikuwa safu ya pili. Kachukua mkoba, kajifunga mtandio, katoka. Nimesikia lifti ikifunguka na kujifunga.

Jumapili, 7 Septemba 2008

Hakuna aliyepiga hodi.

Jumamosi, 13 Septemba 2008

Nimekutana na Bi Zuhura kwenye masanduku ya barua. Nimesema shikamoo dada. Kaitika marahaba, akiwa anatazama funguo zake.

Marlene kapiga simu. Nimepokea. Amesikia. Hakukasirika, au amejizuia. Kauliza tu kama niliwasomea na ile sehemu aliyosema tutajitahidi. Nimemwambia niliisoma neno kwa neno. Kasema, vizuri. Halafu kaniaga.

Nadhani alijitahidi kweli. Nadhani mwaka wa kwanza, walau. Sitajua.

Jumamosi, 27 Septemba 2008

Nyuzi 16. Mvua nyepesi. Saa saba mchana hodi mlangoni. Bi Zuhura.

Hakukaa kwenye kochi. Kakaa kiti cha mezani, chenye mgongo mgumu. Mama Grace kampa kiti cha pili cha kuwekea mkoba, kasahau kwamba ni Ramadhani na mgeni amefunga, kamletea chai, kaiondoa. Bi Zuhura kasema anataka barua kwa ofisi ya nyumba za wazee Malvern, kwa Kiingereza. Binti yake angeweza kuiandika ila binti ana hasira, atawatukana. Grace alikuwepo. Kauliza kama aandike yeye.

"Hapana. Aandike baba yako." Kisha kwangu: "Utaandika ninavyosema. Usiongeze, usipunguze."

Kasema taratibu, mikono juu ya meza. Jina lake. Mwaka aliozaliwa. Kwamba mwaka 2006 alipewa chumba akakikataa, na kosa la kukataa ni lake. Hapo nimeinua kalamu. Kasubiri. Nimeandika. Kwamba anaomba afikiriwe tena. Kwamba nyuma ya nyumba yake kuna kituo cha taka na hakitafungwa. Kwamba anakohoa.

Nimemsomea yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Grace alikuwa anasoma Kiingereza juu ya bega langu, kaitikia kwa kichwa kwamba ni sawasawa. Bi Zuhura katia sahihi, kakunja, kaweka kwenye mkoba. Kasema inshallah. Kaenda kuiposti mwenyewe.

Pale kwenye kukohoa nilitaka kuandika "sana". Namsikia ukutani kila asubuhi. Lakini hakusema sana. Nimeacha.